Kiatu Juu ya Tumbo

Saa kumi na mbili na robo, uji bado haujachemka,
tunasukuma meza hadi ukutani,
tunakunja zulia lenye doa la chai
na kutandika blanketi la kijivu
ambalo zamani lilikuwa la kupigia pasi.

Daktari wa mgongo hakunipa vidonge.
Alinipa karatasi moja, picha sita,
mtu asiye na uso akijikunja na kujikunjua.
"Yoga," alisema, "kila asubuhi, polepole."
Mimi, mpakiaji wa magunia kiwandani kwa unga,
miaka kumi na moja mzigo begani,
niliona haya, nikaikunja karatasi mara nne.
Nanjala ndiye aliyeikunjua.

Ana miaka sita na sasa ndiye mwalimu.
Makokha, miaka mitatu, ndiye mwanafunzi mkaidi.
Mimi ni yule anayechelewa kuinama.

"Mlima!" anaamuru. Tunasimama wima, mikono kando.
"Mlima gani?"
"Menengai."
"Menengai ni shimo," nasema.
"Basi kuwa shimo, Baba, lakini usijipinde."

Kisha paka. Mgongo juu, mgongo chini,
uti wangu ukilalama kama bawaba za lango la kiwanda.
Makokha hawezi kuwa paka bila kulia nyau,
hawezi kulia nyau bila kudai maziwa,
na maziwa ni ya uji, nayo hayatoshi.
Ghorofa ya chini Mama Gathoni anagonga dari yake
kwa mpini wa ufagio, mara mbili:
ameamka, na si kwa hiari.

Kisha heroe. Mguu mmoja chini, mwingine umekunjwa.
Hawa wangu hawajamwona heroe hata mmoja.
Ziwa lilipanda, likameza ua na barabara ya lango,
ndege wakaenda kutafuta chumvi kwingine.
Nilipofika Nakuru ukingo wote ulikuwa rangi ya waridi,
nikadhani kuna mtu kaanika nguo za arusi.
Waridi iliyobaki ni fulana ya Nanjala
ikiyumba kati ya kochi na jiko la gesi.
Makokha anahesabu: moja, mbili, tano, chini!

Zoezi la mwisho, karatasi inaliita maiti.
Jina hilo nimelikata kwa kalamu.
Sisi tunaliita kiatu:
unalala chali, unafumba macho,
unaweka kiatu chako juu ya kitovu,
ukivuta pumzi kinapanda, ukiitoa kinashuka,
kama kichwa cha mtu anayekubali jambo polepole.

Leo Makokha alifumbua jicho moja.
"Baba. Kule Kimilili, kukhu alilala hivi."
Ndiyo.
"Na hawakumwekea kiatu."

Buti langu la kazi likasimama pale juu, halikupanda.
Nilitafuta la kusema kama mtu anayepapasa
shilingi iliyoanguka umeme ukiwa umepotea.
Hawakumwekea, nikasema.

Aliamka. Nikasikia nyayo zake hadi mlangoni,
nikamsikia akichakura chini ya benchi.
Akarudi na ndara moja ya buluu, kisigino kimelika upande,
moja ya zile mbili nilizorudi nazo
ndani ya mfuko wa sukari, nisijue ni za kufanyia nini.
Akaiweka tumboni kwangu, kando ya buti.
"Basi mvutie wewe," alisema.

Nikavuta. Vikapanda viwili.
Jikoni uji ukafurika, ukazima moto,
harufu ya wimbi ulioungua ikaingia hadi chini ya blanketi.
Nikataka kuinuka.
"Bado," alisema mwalimu, macho amefumba,
"karatasi imesema polepole."