Keshia Atarudi Jumanne

Tulifika alfajiri, wanawake watatu,
mimi, Mwende wa saluni, na wifi yangu Nduku,
matope ya Kawangware yangali visiginoni.
Masika ilikuwa imenyesha usiku kucha
na makorongo walijikunyata juu ya migunga ya barabarani
kama mashemasi waliosahau wimbo.

Mkobani: suti ya kijivu ya Gikomba,
suruali nimeipunguza kiuno inchi nne
kwa kuwa ugonjwa ulimla Musembi kabla ya udongo;
soksi mpya, Vaselini, kitana,
na yale marashi ya bei rahisi
aliyokuwa akiyacheka nikijipaka.

Njiani hatukuulizana nani atatuviringishia jiwe.
Jiwe tulilijua. Lilikuwa ndani ya bahasha,
limepigwa muhuri mara mbili:
laki moja, themanini na sita elfu, mia nne,
na kila usiku anaolala kule ndani
wanaliongezea uzito.
Chama kilichanga. Kanisa likapitisha kapu mara mbili.
Mjomba wa Makueni akatuma pesa ya mbuzi.
Jiwe likasogea kidogo, likakwama.

Mlinzi wa mochari alikuwa kijana mpole,
redio yake ikihubiri kama nyuki ndani ya chupa.
"Pasaka njema, akina mama.
Keshia amefunga. Atarudi Jumanne."

Jumanne!
Hata Bwana hakulazwa muda huo.
Nduku akaketi chini, chini kabisa, kwenye saruji.
Mwende akatukana,
kisha akajiziba mdomo kwa heshima ya siku.

Mimi nikautazama ule mlango wa chuma, rangi ya samawati,
nikangoja.
Sioni haya kusema: niliungoja ufunguke.
Miaka tisa nimefundisha watoto wa Jumapili,
nimewachorea kaburi kwa chaki, duara na jua pembeni,
nikawaambia, mnaona, ni rahisi.
Mlango haukufunguka.
Paka alipita.
Lori la oksijeni likarudi kinyumenyume, likilia.

Basi nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika.
Na katikati ya maneno hayo nikaona,
si maono, ni kuona tu,
kama uonavyo sindano iliyoanguka juzi,
kwamba hata wale wa kwanza hawakumwona akitoka.
Hakuna aliyemwona.
Jambo lilitendeka gizani, bila shahidi, bila risiti,
nao walikuja na manukato ya maiti,
kwa upendo uliokwisha kukata tamaa,
na ni upendo huohuo uliotangulia kufika.

Na yule aliyesimama bustanini akilia
hakumjua kwa uso.
Alimjua alipoitwa jina.

Mimi huitwa Mama Ndanu. Ticha. Kastoma. We mama.
Mtu mmoja tu, Nairobi nzima, aliniita Kalekye,
akiivuta ile "le"
kama anayejaribu kamba ya ndoo kisimani.

Mwili wa ufufuo ni upi, sijui.
Mchungaji husema tutang'aa.
Mimi sitaki ang'ae. Namtaka na kiganja chake,
na lile kovu la jiko la makaa,
maana hata Bwana alirudi na matundu yake,
hakuyaparaza, hakuyashona.

Nikaikunja suti, soksi ndani ya mfuko wa koti.
Ng'ambo ya barabara tukanunua chai, vikombe vitatu.
Mwenye kibanda akasema, "Kristo amefufuka,"
kama anayetaja bei.
Nduku, tope bado limemganda kwenye sketi,
akajibu, "Kweli amefufuka,"
na sauti ikamkwama kwenye kweli.

Jumanne tutarudi.
Tutakuwa bado tumepungukiwa na elfu arobaini.
Kule ndani, droo ya kumi na saba,
wamemfunga kibandiko kwenye kidole cha mguu:
MWANAMUME, MTU MZIMA.
Hilo si jina lake.
Yupo anayelijua.