Fundi wa Milango, Strabane

Simu hulia kabla ya jogoo, na jogoo wenyewe hapa hatuna.
Sauti ya polisi, ya adabu, kama ya karani wa benki:
"Fundi, kuna mlango mtaa wa juu. Njoo na plaiwudi."
Siulizi mlango wa nani. Miguu yaujua.

Saa kumi na moja na robo. Mvua ya Strabane
hainyeshi, inaning'inia tu hewani kama nguo isiyokauka.
Magari matatu ya chuma, taa zimezimwa,
na jirani dirishani, sigara yake ndiyo nyota pekee.

Mlango wa Dympna Gormley nimeutia mimi mara nne.
Wa kwanza aliutia baba yangu, mwaka wa sabini na mbili,
waliposhuka askari wa Kiingereza, nyuso zimepakwa masizi,
na wanawake wakagonga vifuniko vya mapipa barabarani
mpaka lami ikatetemeka.
Siku hiyo walimchukua mumewe.
Leo ni mjukuu, Odhrán, kiatu kimoja mguuni,
sheria ya ugaidi inasomwa juu ya kichwa chake
taratibu, kama mtu asomaye maelekezo ya dawa.

Wanatoka na mifuko yenye namba:
simu mbili, glavu, koti,
kompyuta ya mtoto yenye stika ya pengwini,
kopo la rangi, ile ya herufi tatu za ukutani
ambazo mji mzima huziona
na hakuna aliyeona zikiandikwa.
"Sina la kusema," asema Dympna,
na anasema mpaka kunakucha.

Mimi napima. Mia moja tisini na nane kwa themanini na nne.
Napima kwa heshima tu, vipimo ninavyo kichwani.
Chuma chao hupiga palepale, chini kidogo ya kitasa;
miimo imejaa matundu ya skrubu za zamani
kama mkono wa mtu aliyelazwa sana hospitali.

Konstebo kijana ananishikia tochi.
Namjua. Mtoto wa kina Brannigan, ng'ambo ya mto,
alibatizwa kanisa moja na huyu wanayemfunga pingu,
maji yaleyale, padri yuleyule mwenye kikohozi.
Hatusalimiani. Tochi ndiyo salamu.
Mwezi Machi nilikwenda kwao pia, usiku,
kung'oa mlango wa gereji uliopasuliwa na bomu la bomba.
Mama yake alinipa chai, akasema: usimwambie mtu ulikuja.
Dympna naye hunipa chai, na husema hivyohivyo.
Kikombe cha kule kina picha ya Bikira.
Cha huku kina picha ya Bikira.

Baa huniuliza: wewe fundi uko upande gani?
Nasema, upande wa bawaba.
Hucheka. Sikufanya mzaha.
Bawaba hushika yote mawili, fremu na ubao,
na ndiyo hulia watu wote wakilala.

Kesho kutwa watamwachia Odhrán bila shitaka,
au hawatamwachia. Nimeona yote mawili.
Nimeona na vijana waliopigwa risasi za magoti
na hao wanaojiita walinzi wetu.
Mlango haukuvunjwa. Walibisha hodi,
mama mtu akafungua mwenyewe.
Wale hawaniachii kazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nimeziba, Mungu shahidi, kwa msonobari, kwa mwaloni;
nilipoleta wa chuma Dympna aliurudisha:
"Sitaki jela ya kununua mwenyewe."
Funguo ngapi? namuuliza.
"Mbili." Anatazama barabara, magari yameshapinda kona.
"Fanya tatu."

Bili naipeleka serikalini. Fomu ina mstari,
*sababu ya matengenezo*, na nafasi ya neno moja.
Huandika: kuchakaa.