Ua la Ncha Sita

Wakala alinikabidhi funguo pale Kurasini
na karatasi saba zenye mihuri.
Chuma hiki, mama, kimetoka kaskazini kabisa ya Japani,
huko watu huchimbua milango yao kwa koleo
kabla hawajasalimiana.
Nikacheka. Nilikuwa nawaza ushuru.

Gerezani, Fundi Matimbwa akaingia uvunguni
juu ya kipande cha boksi,
akanyamaza muda ambao fundi hanyamazi.
Kisha: "Kutu hii si ya bahari yetu.
Ya kwetu huanzia juu, kwenye paa, kwenye bawaba.
Hii imeanzia tumboni."
Huko, akasema, barabara hutiwa chumvi
kama ng'onda,
theluji iyeyuke watu wapite.
Nikagusa chesesi. Wekundu ukabaki kidoleni.
Sikuuonja, ingawa nilitamani.

Chini ya kiti cha nyuma: glavu ya sufu,
moja, ya mtoto, mkono wa kulia.
Karibu na gia, kitufe chenye ua la ncha sita.
Miezi miwili nilidhani ni cha manukato.

Na gari lilikuwa linasema.
Kila nikiwasha, dada nisiyemwona
aliniambia jambo, kwa upole, kama muuguzi.
Kijana wa Bi Mwanahawa, aliyesomea huko,
akatega sikio, akaguna:
"Anasema uangalie, huenda barabara imeganda."
Saa saba mchana, Februari,
usukani nimeufunika kanga usiniunguze.
Fundi akasema waya ni mmoja tu, anaukata bure.
Nikamwambia mwache dada aseme.

Mimi nauza barafu.
Za ukwaju, za ubuyu, na mapande meupe kwa wenye shughuli.
Masika yakaja, njia ya Msumi ikawa uji,
na Msumi kuna arusi,
na arusi haijui mvua.
Madeli manne nyuma. Nusu ya hela nimeshaila.

Kwenye mteremko, bajaji imelala ubavu.
Noah ya Shebughe imezama hadi milangoni,
naye kakanyaga mafuta kwa hasira,
tairi zinazunguka palepale,
zinajichimbia kaburi.

Nikaingiza gia ndogo.
Kidole kikaenda chenyewe kwenye ua.
Taa ya njano, ndogo kama punje ya mtama.

Nilikanyaga, gari likaikataa pupa yangu.
Likachukua kidogo nilichotoa, likakipunguza tena,
likaondoka kama mtu apitaye
chumba alimolala mtoto.
Halikupigana na tope. Lilibisha hodi.
Nyuma likateleza, nami nilitaka kukaba breki,
lakini kuna mtu aliyelifunza chuma hiki kabla yangu:
asubuhi ngapi za giza,
moshi wa pumzi ndani ya kioo,
glavu ya pili inatafutwa,
mtoto analia atachelewa shule,
na yeye, baba au mama, sijui,
anashika usukani kwa vidole viwili
na kuuelekeza kule kule linakoteleza,
polepole,
mpaka barabara imkubali.

Theluji siijui.
Najua kitu laini kinachomeza gurudumu.

Nyuma barafu zinagongana madelini, kwa, kwa,
na dada, sijui nini kilimzindua,
akarudia maneno yake.
Safari hii hakukosea sana.

Juu, penye changarawe, nikasimama.
Nikashuka na kamba, matope hadi magotini,
nikaifunga kwenye Noah.
Shebughe akafuta uso kwa kofia.
"Umejifunzia wapi, wewe, mama barafu?"

Nikamwonyesha glavu,
inaning'inia kwenye kioo cha ndani,
vidole vitano vidogo,
bado havijafumbuka.