Maji Mawili

Gari lilikuwa la wagonjwa, likauzwa mnadani.
Msalaba wake umekwanguliwa kwa msasa,
lakini jua la asubuhi likilipiga ubavuni bado unauona.
Nyamizi alilileta Isevya siku ya Jumatatu,
akalizima mbele ya gereji yangu, akashuka:
"Fundi, nataka kuoga."

Nikadhani nimesikia vibaya.
Akafungua mlango wa nyuma: kitanda, jiko la gesi,
ndoo tupu za asali, redio iliyofungwa kwa mpira.
Miezi mitatu kila mwaka analala porini, Sikonge ya ndani,
akinunua asali kwa warina.
"Mwezi wa sita kule maji ya alfajiri yanang'ata mfupa.
Na moto sikoki tena. Mwaka juzi cheche yangu moja
ilikula mizinga arobaini ya watu."
Hakuongeza neno. Nami sikuuliza.

Siku nne nililala chini ya lile gari.
Injini, nilimwambia, ni jiko linalomwaga moto wake njiani;
kazi yetu ni kuudaka.
Nikakata hozi, nikaipitisha chini ya sakafu,
nikalikunja bomba la shaba kwenye mtungi mdogo wa gesi,
mizunguko kumi na miwili,
nikalizamisha katika tangi la lita ishirini
nililolivika sponji ya godoro na magunia ya tumbaku.
Kabla ya kurudi injini, nikalilaza bomba chini ya kitanda,
mgongo wake nao upate chochote.

Ndani ya shaba, maji ya rejeta, kijani, sumu.
Nje ya shaba, maji ya kuoga.
Yanapakana kwa unene wa ukucha
wala hayagusani.
Kama mimi na Kapaya, jirani yangu:
mwaka wa pili hatusalimiani kwa sababu ya mpaka,
na ukuta wa jiko lake ndio unaokausha nguo zangu.

Ijumaa tukawasha.
Injini ikapanda moto. Tangi likabaki baridi kama pua ya mbwa.
Nikashika hozi: ya kwenda inachoma,
ya kurudi imenuna.
Mihayo, kijana wangu, akasema pampu imekufa.
Haikufa. Ni hewa,
hewa ndogo, pumzi ya mtoto tu,
imekaa kwenye kona ya juu na kuziba njia nzima.
Nyamizi akacheka mara ya kwanza:
"Hata mimi ninayo hiyo."

Gari lilitaka kuinuliwa pua,
na kilima pekee karibu ni kichuguu,
kile kile cha mpaka.
Tukalipandisha. Nikalegeza klipu.
Likabeua,
likatema povu, likabeua tena,
kisha hozi ya kurudi ikaanza kupata uhai kiganjani mwangu.
Kapaya alichungulia dirishani.
Kuhusu kichuguu hakusema kitu.

"Lala humo wewe," akasema Nyamizi,
"nitalipa ukiamka na maji ya moto."
Injini tuliizima saa mbili usiku.
Mabomba yakagonga, tik, tik, yakijikunja kwa baridi,
nami macho kwenye dari walikotazama wagonjwa wangapi.
Saa kumi na moja nikafungua koki.
Vuguvugu. Moto siwezi kusema, nisidanganye.
Vuguvugu la shingo ya mtu aliyelala.
Nikaoga nimekaa, magoti kidevuni.
Grisi ya miaka haikutoka yote. Nusu ilitoka.

Alilipa, akaniachia na ndoo ya asali,
akashika njia ya Ipole.

Nyumbani nikamkuta binti yangu, Milembe, kapiga magoti,
anapuliza kuni mbichi, macho mekundu,
sufuria yangu ya kuoga juu ya mafiga.
"Shikamoo baba. Bado kidogo."

Sikumwambia kwamba nimeshaoga.
Nikaoga tena.
Halafu nikatoa futi mfukoni
nikaanza kupima ukuta wa jiko.