Telki

Alfajiri, bonde la Naryn, barafu ingali ngumu,
baba humpitisha Kashka mbele ya zizi
nami nafumba macho.
"Hesabu, Burul."

Kutembea ni sauti nne:
nyuma kushoto, mbele kushoto,
nyuma kulia, mbele kulia,
kama mtu apangaye vikombe mezani, hana haraka.
Matiti ni mbili, mbili:
wa mbele kulia na wa nyuma kushoto huitana kimshazari,
kisha kimya kidogo,
na katika kimya hicho kilo mia nne za mnyama
hazigusi ardhi.
Shoti sihesabu. Shoti naipisha.

Lakini telki!
Telki ndiyo iliyonilipia ada ya shule.
Miguu ya upande mmoja huondoka pamoja,
karibu pamoja, si pamoja kabisa;
mwanya wa unywele kati ya kwato na kwato
ndio unaomtuliza aliye juu ya tandiko.
Kiangazi kile nilimwona baba akishuka mteremko
na bakuli la maziwa ya farasi yaliyochachuka
kiganjani, wazi, limejaa hadi ukingoni.
Tone moja tu lilimwagika.
Akalilamba kwenye kidole gumba.

Mwezi wa pili nikasikia kasoro.
Ukwato wa mbele, wa kushoto, ulitua kwa wepesi
kama neno la mtu asiyetaka kulisema.
Nikafumbua macho: kichwa cha Kashka
kiliinama mguu mzima ulipokanyaga,
kikaruka juu ule mwingine ulipogusa chini.
"Mguu huficha," alisema baba. "Shingo haijui kuficha."
Akachokoa kijiwe, kadiri ya punje ya njegere,
akakitia mfukoni, sijui kwa nini.

Jana alikwenda kuchota maji.
Mimi nilikuwa ndani nakanda unga,
buti zake zikaja juu ya barafu:
nzito, nyepesi.
Nzito, nyepesi.
Nikafuta ukungu wa kioo kwa kiwiko.
Kofia yake ya manyoya ilishuka, ikapanda,
ikashuka tena, kila mara kwa mguu wa kulia.

"Umeumia?"
"Mimi? Chuma hiki."
Wala hakunitazama. Nyuma yake, tangu kisimani,
maji ya ndoo yalikuwa yamemwagika njia nzima
na yameanza kuganda.

Nikavuta kigoda, mikono bado na unga.
"Keti," nikamwambia.
"Inua wa kushoto."