Kupakua

Masalu, nimekuona.
Si uso, ila namba zako nne zenye nukta katikati,
kwenye orodha ya tunaochota faili moja:
mafunzo ya injini za boti, giga thelathini na moja,
vipande elfu moja mia mbili na arobaini.
Yupo mtu wa Musoma, wawili wa Bukoba,
mmoja wa Entebbe asiyelala,
na wewe, ukuta wa pili kutoka kwangu, hapa Igogo,
mwamba mmoja umebeba vyumba vyetu vitatu.
Nilikutambua kwa mluzi:
mstari wako ulipotimia, ukuta ulipiga mluzi.

Unashusha kama lori la mchanga.
Unapandisha sifuri.
Saa sita, sifuri. Saa nane, sifuri nukta moja,
nikadhani umetubu,
kumbe mashine zinasalimiana tu.
Ikafika mia, ukazima, ukalala.
Na kipande cha elfu moja mia moja kumi na saba
unacho wewe peke yako.
Wa Entebbe alikukabidhi, kisha naye akapotea.
Sasa tumekwama wote, tisini na tisa nukta tisa,
injini nzima mezani, haina plagi.

Waliotutafutia neno la kazi hii hawakwenda mbali,
waliingia jikoni.
Kupakua: chungu kimeteremshwa, mwiko umezama,
na anayepakua hajipakulii peke yake.
Ipo sahani ya mtoto, ipo ya mgonjwa,
ipo ya ambaye hajarudi,
imefunikwa kwa sahani nyingine isipoe.
Wewe umepakua yako
ukaondoka na mwiko.

Hata ruba wa kwenye matete ya Luchelele
akishiba huanguka mwenyewe.
Wewe ukishiba unaondoka na mguu.

Mimi je? Mashine yangu haizimwi.
Siku ya kumi na tisa leo, feni inakoroma,
nimetoa mara tatu nukta saba ya nilichochukua,
namba hiyo naifungua kuitazama
kabla sijapiga mswaki.
Nilikuwa nimekuandalia maneno, Masalu,
maneno makali, nayapanga kitandani,
Jumamosi, saa tisa usiku,
giza likaingia.

Si mtaa. Bugando juu taa zinawaka.
Ni sisi. Ni mita yetu moja.

Bi Nyamizi akatoka na tochi ya simu,
vidole bado vinanuka dagaa wa Mwaloni.
Akaimulika mita. Akaitazama kama mtu
anayesoma barua ya mkopo.
"Elfu kumi niliweka Jumatano," akasema,
si kwangu, si kwako, kwa ile mita.
"Mimi nina taa moja na redio.
Na redio yenyewe ina betri."
Kisha tochi ikashuka polepole
mpaka chini ya mlango wangu,
ambako joto lilikuwa bado linatoka.

Hakusema neno. Akaingia kulala,
saa kumi na moja ana mzani wa watu kuusubiri.

Mtu wa Musoma hamjui aliyempakulia.
Hajui kwamba usiku kucha
alikuwa akila kwenye sahani ya Nyamizi,
na mimi niliyeshika mwiko
nikipokea shukrani.
Nikahesabu gizani, kwa vidole,
nilichotoa kwa nilichochukua, mimi na yeye.
Haikufika moja. Haikufika hata nusu.

Kulipokucha nikashuka kwenye mawe mpaka kwa wakala,
umeme wa elfu thelathini, namba ishirini kwenye karatasi.
Jioni nikazibonyeza, yeye nyuma yangu
akizisoma kwa sauti, mbilimbili,
kama anayenihesabia chenji.
Siku hizi nazima saa nne.
Tatu nukta saba haijapanda.

Lakini Masalu,
usidhani nimesahau.
Elfu moja mia moja kumi na saba.
Washa hata robo saa.
Wa Bukoba bado wanasubiri.