Kiraka cha Majivu

Miaka mitatu sikukata nyasi.
Nilisema ni mgongo. Nikasema ni mvua ya Webuye,
ukifyeka Jumatatu, Ijumaa zimekufika magotini tena.
Majirani wakaitika, "Ni kweli, Mama Khakasa,"
huku wakipitisha macho juu ya ua wa michongoma
uliochomoza kila upande kama nywele za aliyeamka vibaya.

Kweli yenyewe: uwanja ule uliuawa kwa siku nne.
Hema tatu. Viti vya kukodi vyenye miguu ya chuma.
Lori la kuni lililorudi kinyumenyume hadi dirishani pangu.
Na moto wa matanga, uliokesha na wazee
pale pale Kundu alipozoea kuweka kiti chake
akitazama alichokata.

Maana alikuwa mtu wa nyasi, huyo.
Alitoka kiwandani akinuka karatasi mbichi,
chai hajaonja, keshainama,
anang'oa sangari kwa kisu cha mezani. Kisu changu.
Nyasi za Pemba alizileta kwa gunia kutoka Kimilili,
akazipanda vidole viwili viwili,
akaniambia, "Hizi hazina haraka."
Mimi nilitaka mahindi.
Tuligombana msimu mzima.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwenda kaburini
nikalikosa.
Nikasimama katikati ya magugu, mjane, na ufagio mkononi,
nikilipapasa kwa mguu
kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Kesho yake nikaazima fyekeo kwa Nafuna.

Kijana mmoja alipita na bomba mgongoni:
"Nipige dawa, mama, siku saba zote zimekauka."
Nikamwambia vilivyokufa hapa vinatosha.
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaniwekea makali fyekeo bila malipo.

Nilifyeka kidogo kidogo, asubuhi kabla ya jua.
Kisonanguo kikanishona sketi hadi kiunoni.
Nikaokota vizibo vya soda, vijiko viwili, kigingi cha hema,
na kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto.
Nilikiweka juu ya ukuta wiki nzima, hakuna aliyekuja.
Mguu wake umekwisha kukua, nikajiambia,
lakini kukitupa nilishindwa.

Udongo ulikuwa umeshindiliwa, jembe linaruka.
Nikaloweka, nikangoja, nikachoma kwa jembe la meno,
nikaloweka tena.
Samadi ya ng'ombe wa Nelima, mikokoteni mitatu,
ya tatu kwa deni.

Na siku moja, chini ya tangi,
panapodondoka maji usiku kucha
(alikuwa aitengeneze bomba hiyo tangu mwaka wa nyuma ya ule),
nikafunua matawi makavu nikaziona:
nyasi zake za Pemba, fupi, zimebanana,
zikitambaa polepole kuelekea kaburini.
Zilikuwa zimeshafika hatua nne
bila msaada wa mtu.

Niliketi chini. Sitaki kusema nililia.

Nikazigawa, vidole viwili viwili.
Kwa kisu cha mezani, ndiyo.
Magoti yakalalamika, nikayaambia hizi hazina haraka.

Sasa ni mwezi wa nane. Hazijashikana zote.
Kuna upara karibu na lango, kuku wa jirani ndio sababu,
na mstari wa lori bado waonekana ukisimama jua linapolala.
Pale palipowaka moto sikupanda kitu.
Mnavu ulijiotea wenyewe katika majivu,
majani meusi ya afya, mapana kama kiganja.
Nauchuma jioni, naumwagia maziwa,
naula peke yangu. Yeye aliuita uchungu wa bure.

Mahindi sikupanda.

Ila mashina kumi na mawili, nyuma ya choo,
mahali ambapo hata angekuwa ameketi kwenye kiti chake
asingeyaona.